Magimbi ya Kaivaru

Kule kwetu Matavera, ukitaka kumkasirisha Bibi Ngapoko, msifie magimbi yake. Hilo hatukulijua mapema, maana kwa miaka ishirini na ushee alikuwa akisifiwa anacheka, tena anachukua kisu anakukatia majani machanga ya kupikia kabla hujaomba. Halafu ukaja mwaka ule wa daktari, na ghafla bin vuu mtu akisema tu, "Bibi, jaruba lako limependeza," anageuza uso na kwenda zake. Tukasema ni uzee. Sisi nasi kwa kusema!

Alizaliwa hapohapo, upande wa mlimani, katika ukoo wenye majaruba mazuri kuliko yote ya mashariki ya Rarotonga. Watoto wa ukoo ule hujifunza kutembea ndani ya tope. Kijito kinashuka mlimani, kinagawanywa kwa matuta, maji yanazunguka kwenye kila shina la gimbi, na wanawake wameinama humo asubuhi hadi jua kali, wanapalilia na kusengenya. Akiwa na miaka kumi na tisa akampenda Tamuera, kijana mrefu mwenye sauti nene, mwanafunzi wa chuo cha walimu wa Injili kule Avarua.

Kila mtu alijua kuolewa na kijana wa chuo ni kuolewa na meli. Jina linasomwa kanisani, mnapanda, mnapelekwa pwani ambazo watu wake hawajalisikia Neno. Wengi waliokwenda walirudi kama majina tu, yakisomwa kwenye mkutano wa Mei huku watu wamesimama. Mama yake hakumficha.

"Mwanangu, huyo si mume. Huyo ni msiba unaotembea."

"Basi mama, acha nitembee nao."

Jeuri hiyo! Lakini alimaanisha. Na jina liliposomwa, Tamuera na mkewe, Papua, kijiji cha Kaivaru, alisimama akanyoosha mkono kabla ya mumewe.

Walikuwa na mtoto mmoja, Rute, wa miaka miwili. Kwetu mtoto wa kwanza ni wa bibi yake, akimtaka hanyimwi. Bibi alimtaka. Ngapoko alimwacha mtoto amelala, akashuka pwani bila kugeuka nyuma, kwa sababu alijijua: akigeuka, haendi. Badala ya mtoto alibeba kapu la miche ya magimbi ya jaruba la mama yake, imefungwa kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa.

Safari ilikuwa ya majuma kumi na moja. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kikombe, na kila siku Ngapoko alikunywa nusu, nusu akaimwagia miche. Mabaharia walimcheka. "Mama, hao watoto wako wa kijani watakunywa hadi bahari." Midomo ilimpasuka, lakini miche ilifika Kaivaru hai. Habari hiyo tuliisimulia kwetu mpaka watoto wakaijua kwa moyo.

Watu wa Kaivaru walijenga nyumba zao juu ya bahari yenyewe, kwenye nguzo, na upepo ukipita chini na juu. Mkuu wao aliwaonyesha wageni nafasi katika safu ileile. Tamuera akashukuru, lakini macho yake yalikuwa nyuma ya kijiji, kwenye bonde ambako kijito kilikufa katika tope jeusi. Alichukua tope akalifinya, akamnusisha mkewe. Wote wawili walikaribia kulia. Lilikuwa na harufu ya nyumbani.

Kulikuwa na mjane mmoja, Geua, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyetafuna popoo kutwa nzima. Alikuwa wa kwanza kuzoeana nao na wa kwanza kuwakaripia.

"Pale hapakaliwi," alisema walipoelewana lugha kidogo.

"Kwa nini?"

"Pana wenyewe."

"Wenyewe gani, mama?"

"Wanakunywa watu. Polepole. Waulize waliojaribu." Akatema popoo. "Ala, nimesahau, hawapo."

Tamuera alicheka, naye alikuwa na sababu. Kwetu dini iliingia hivyohivyo: mahali palipoogopwa kuliko pote ndipo kanisa lilipojengwa, na hakuna aliyedhurika, na watu wakaona nani mwenye nguvu. Mtu wa Rarotonga akiambiwa mahali fulani pana pepo, anaona kiwanja cha kanisa. Kwa hiyo alimwambia Geua kwa adabu, "Mama, Mungu tuliyemleta ndiye aliyewaumba hao wenyewe. Tutajenga palepale, na mtaona."

Wakajenga. Walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakasimamisha nyumba nyeupe yenye kuta nene kama za nyumbani. Mbele ya mlango, hatua kumi na mbili, wakachimba jaruba. Ngapoko alilichimba na mimba ya Noa tumboni. Alipanda miche yake mche kwa mche, akiita kila mmoja kwa jina la jirani wa Matavera, na mwaka ulipokwisha magimbi yalikuwa makubwa kama kichwa cha mtoto. Watu wa kijiji walikuja kushangaa. Saba wakabatizwa.

Noa alizaliwa, kisha Meri. Noa alipofikisha miaka mitano ndipo ilipoanza ile homa. Kila siku ya pili, jua likifika utosini, mtoto anatetemeka meno yanagongana, alasiri jasho linamtiririka, jioni amepoa. Kesho yake anacheza kama si yeye. Kesho kutwa, saa ileile, tena. Ngapoko alimpikia majani ya magimbi kwa tui la nazi ili apate nguvu, na kila alipokwenda kuyachuma alizihesabu zile hatua kumi na mbili akiomba. Mtoto akafa. Hazikupita wiki sita, Tamuera naye akamfuata, yule mtu wa sauti nene, na mwishoni alikuwa hawezi hata kuomba maji.

Siku ya maziko ya Tamuera, Geua alikuja mlangoni. Hakukanyaga ndani.

"Sasa twende kwangu. Nyumba yangu iko juu ya bahari, upepo unapita. Mlete huyo mtoto."

Ngapoko alitaka kwenda. Jamani, mwanamke yule alitaka kwenda! Alikuwa na homa mwenyewe, miguu haimbebi, na Meri amemng'ang'ania shingoni. Lakini aliwaona wale saba waliobatizwa wamesimama uani wakimtazama yeye, wakingoja kuona nani ameshinda. Akihama, Tamuera amekufa bure. Alimwambia Geua, "Siwezi, dada."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikiondoka hapa, watasema pepo wamenifukuza."

"Si ndiyo kweli?"

"Dada, niache."

Akabaki kwenye nyumba ile miezi kumi na mmoja, na mtoto. Akawa anasoma Neno yeye badala ya mumewe, anatetemeka siku moja na kufundisha siku ya pili. Meri alikufa wiki ambayo magimbi ya upandaji wa sita yalikuwa tayari kung'olewa. Safari hii Geua aliingia ndani. Walimwosha mtoto yeye na Ngapoko, na walipomaliza akasema, "Mungu wenu ni mkali kuliko pepo wetu." Meli ilipopita ikamchukua, mifupa mitupu na kitabu.

Huku nyumbani Rute alikuwa na miaka tisa. Alijificha nyuma ya bibi yake.

"Huyu nani?"

"Ndiye mama yako huyu."

"Mama yangu ni wewe."

Ngapoko hakumlazimisha. Alipewa jaruba la ukoo alime, akalima. Rute alikua akimwita mama kwa adabu, kama mtu anavyomwita mke wa mchungaji.

Ila kanisani, weee! Benchi la mbele lilikuwa lake. Tanuri la mawe likifunuliwa, samaki wa kwanza ni wake. Mgeni akija anaonyeshwa: yule ndiye aliyetoa watu watatu kwa Papua. Na baada yake walikwenda Kaivaru wengine, jozi tatu za mke na mume, moja baada ya nyingine: wa Titikaveka, wa Arorangi, wa Avarua. Kila mara barua ilikuja kwanza, ikisomwa kwa shangwe: *Tunakula magimbi ya Mama Ngapoko, tumepata nguvu kama tuko nyumbani.* Kila mara Mei iliyofuata, au ile ya pili yake, tulisimama kusikiliza majina yao. Tulilia, tukaimba, na kila wenzi waliokwenda ng'ambo tukawafungia miche ya Matavera. Ikawa desturi. Mtu asiye na miche kapuni tulimwona kama amefukuzwa.

Ngapoko aliishi kwa jambo moja tu, kwamba Mungu ndiye aliyewataka. Alikuwa anasema hivyo bila kulia: "Aliwataka, nikampa." Ukimwondolea hilo, hana kitu kingine.

Basi ndipo meli ya misheni ilipokuja na daktari, kijana aliyebabuka kwa jua, akiitafuna lugha yetu lakini anaelewa. Alikaa barazani kwa Mchungaji Terai akiwaangalia wazee macho. Ya Ngapoko yalikuwa yameanza kufunga utando mweupe. Katika mazungumzo, bibi akamsimulia homa ya Kaivaru, siku ya pili, jua utosini. Daktari akaweka chini kioo chake cha kutazamia macho.

"Mama, nyumba yenu ilikuwa karibu na maji?"

"Maji ya jaruba. Hatua kumi na mbili."

"Na wenyeji?"

"Wao juu ya bahari, kwenye nguzo."

"Wao walikuwa wanakufa hivyo?"

"Wanaugua. Lakini si hivyo." Alifikiri. "Si hivyo, hapana."

Daktari akamweleza taratibu. Homa ile inaletwa na mbu. Mbu anazaliwa kwenye maji yaliyotuama. Ngapoko alicheka, akampiga mmoja mkononi mwake akamwonyesha. "Huyu? Huyu hata kuniamsha haniamshi."

"Wa huku hawana homa hiyo, mama. Wa kule wanayo. Lile jaruba nani alilichimba?"

"Sisi," alisema. Kisha akarudia, si kwa daktari, "Mimi."

Yule kijana alikunja mikono. "Hakuna aliyejua wakati ule," alisema. Alikuwa na huruma ya kweli, na haikusaidia kitu. Ngapoko alitembea hadi nyumbani akakaa ukingoni mwa jaruba lake akiyatazama maji. Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwake alikuwa amekinywesha maji ya kinywa chake majuma kumi na moja.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Yule mzee wa Arorangi ambaye mwanawe alikula magimbi yale akaandika kushukuru? Alinyamaza, akaacha kucheka akisifiwa, nasi tukasema ni uzee.

Pengine angenyamaza mpaka kaburini. Lakini hazikupita wiki tatu, majina yakasomwa: Pauro na mkewe Tekura, Kaivaru. Tekura ni binti ya Rute, mjukuu wa pekee. Rute alikuwa mgumu kwa mama yake, lakini mtoto alimwachia, na Tekura alilelewa mgongoni mwa Ngapoko, ndani ya tope lilelile. Yule msichana alipoisikia Kaivaru alipiga kelele ya furaha, akamkimbilia bibi yake kwenye benchi la mbele.

"Bibi! Kwako! Nakwenda kwako!"

Ngapoko aliamua hapohapo kwamba mtoto huyu haendi. Sasa hapa ndipo alipokosea, na mimi simlaumu, lakini alikosea. Ukweli ulimwogopesha, kwa hiyo akaanza na ujanja.

Kwanza aliugua. Alilala, akageukia ukutani, akasema anakufa na mjukuu ndiye atakayemfumba macho. Tekura alimhudumia siku nne. Siku ya tano nguruwe wa jirani aliingia jarubani, na yule maiti mtarajiwa akaonekana anamkimbiza na fimbo hadi barabarani, anamtukana nguruwe na mama yake nguruwe. Kijiji kizima kilicheka.

Pili aliota. Alimwendea Mchungaji Terai akasema Tamuera amemjia ndotoni, amemkataza Tekura. Mchungaji alimsikiliza, akamwekea mkono begani. "Mama, Tamuera ninayesimuliwa mimi hawezi kusema hivyo. Hiyo ni huzuni yako imevaa nguo zake." Ngapoko alitoka akijichukia kwa kumsingizia maiti.

Tatu ndipo alipoleta ukweli, ukiwa umechelewa, tena umevaa nguo chafu. Alikwenda kwa Rute alasiri. Tekura alikuwa hapo, anakunja mashuka ya safari. Akawaambia yote: mbu, maji, hatua kumi na mbili, homa ya siku ya pili jua likiwa utosini, jinsi Noa alivyokuwa akipoa jioni, kesho yake akacheza kama si yeye.

Tekura alimaliza kukunja shuka. "Bibi, Jumatatu ulikuwa unakufa. Ijumaa uliota. Leo mbu?"

"Leo ni kweli, mjukuu wangu."

"Mbona wewe hawakukuua?"

"Sijui. Laiti wangeniua mimi."

"Unaona? Ulikaa, ukarudi. Nami nitakaa, nitarudi." Akambusu kichwani, akatoka kumtafuta mumewe. Hakuwa na kiburi yule msichana. Alimpenda bibi yake tu, akataka kufanana naye, na sijui ni nani angemlaumu.

Rute alibaki. Alikuwa mwanamke mkubwa sasa, mkimya, mpiga pasi hodari wa nguo za kwaya.

"Nikuulize, mama. Nilikuwa na miaka mingapi?"

"Miwili. Najua."

"Hujui. Nikiumwa, nikiuliza mama yuko wapi, naambiwa yuko kwenye kazi ya Mungu. Wenzangu wakinichokoza, nikilia, naambiwa nyamaza, mamako yuko kwenye kazi ya Mungu. Miaka saba. Nikameza. Nikasema haya, Mungu ni mkubwa kuliko mimi, amchukue. Leo unakuja kuniambia hakuwa Mungu. Ilikuwa mboga."

"Ilikuwa vyote viwili, mwanangu."

"Hapana. Chagua."

Rute alichukua pasi yake ya makaa, akainama kwenye nguo nyeupe, na hakuinua uso tena mpaka mama yake alipoondoka. Yule daktari angeweza kumsaidia maneno, lakini meli ilikwishampeleka visiwa vya kaskazini, na iliporudi kuchukua vijana yeye alikuwa ameshuka pengine.

Likabaki kanisa. Jumapili ya kuagana, Mchungaji Terai alimwita mama wa Kaivaru aseme neno la baraka. Ngapoko alisimama, ameshika ukingo wa benchi.

"Watu wangu hawakufa kwa Injili," alisema. "Walikufa kwa magimbi. Mimi nililichimba lile jaruba. Mimi nilikataa kuhama. Na wote waliokwenda baada yangu wamekufa kwa jaruba langu. Nawaombeni, msimpeleke mtoto pale. Kama lazima aende, akakae juu ya bahari na wenyeji, na maji yale yafukiwe."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, na mwingine, na yule mzee wa Arorangi, aliyekuja kuagana na vijana, akajikokota hadi mbele akamshika mikono yote miwili. Ngapoko alingoja ateme mate usoni mwake.

"Ahsante, mama," mzee alisema. "Umebeba mpaka na wa kwangu."

Na Mchungaji Terai, machozi yakimtoka, akatugeukia. "Ndugu zangu, mmesikia? Ametoa mume, ametoa watoto, na bado anasema kosa ni lake. Mnautaka unyenyekevu? Ule pale!" Kwaya ikapanda juu, besi zikanguruma, nasi sote tukaimba kwa nguvu ambayo sijaisikia tena. Mimi pia niliimba. Ngapoko alikuwa bado amesimama katikati ya wimbo, anatikisa kichwa, na sisi tukaona amejaa Roho.

Jumanne meli ilitweka. Tekura alipanda na kapu la miche, imefungwa majani mabichi ya mgomba, na chupa ya dawa chungu ya homa ya kutosha watu wawili. Aliahidi kuinywesha miche kwa kikombe chake mwenyewe. Alipunga mkono mpaka akawa hatambulikani.

Miaka miwili ikaenda. Ngapoko hakuona tena ila kivuli na mwanga, lakini jaruba alilijua kwa miguu. Mei ilipofika meli ikaingia na mfuko wa barua, na majina yakasomwa kwanza. La Tekura halikuwamo. Kanisa zima likashusha pumzi. Kulikuwa na barua kutoka kwake, ndefu, na Mchungaji akampa Rute aisome mbele za watu, kwa heshima ya mama.

Rute aliisoma kwa sauti safi.

"*Bibi yangu mpenzi. Tumefika salama na miche yako yote. Jaruba lako tulilikuta limefunikwa na magugu, lakini magimbi yako yapo, yamejiotea yenyewe! Pauro amelipanua mara mbili. Nyumba ya chokaa ilikuwa imeanguka, tumejenga mpya, tena karibu zaidi, ili nikisimama mlangoni niyaone nikukumbuke.*"

Watu wakapiga makofi. Ngapoko alikuwa ameshika magoti yake.

"*Yupo bibi kizee mmoja, hana meno, anatafuna popoo. Anakuja kila siku kutuambia tukakae kwake juu ya bahari. Anakuulizia sana. Nimemwambia bibi yangu hakukimbia, na mimi sitakimbia.*"

"Amina!" alisema mtu.

"*Mungu ametupa binti. Tumemwita Ngapoko.*" Hapo ikabidi Rute angoje, maana wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Naye alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza watu kumwona akimtazama mama yake hivyo. Akaendelea. "*Ni mzima, mnene, anacheka na kila mtu. Ila siku hizi anapata joto. Linakuja kila siku ya pili, jua likifika utosini, anatetemeka kidogo, na jioni amepoa. Kesho yake anacheza kama si*"

Rute akanyamaza.

"Soma, Rute," walimwambia. "Mbona umekwama?"

Alikuwa hasomi. Alikuwa anamtazama mama yake, na mama yake, asiyeona, alikuwa ameinua uso kuelekea pale sauti ilipokatika.

"Ya lini?" Ngapoko aliuliza.

Rute aligeuza karatasi. "Septemba."

Bibi alihesabu kwa vidole, mbele ya watu wote, mpaka Mei. Miezi minane. Mchungaji Terai aliichukua barua kwa upole, akaimalizia mwenyewe. Tekura alisema dawa chungu imekwisha lakini wasiwe na wasiwasi, wenyeji wanasema mtoto atazoea. Na aliomba kitu kimoja tu, miche mingine ya jaruba la bibi, maana nafasi sasa ni kubwa. Amina, tukasema sote.

Meli ilikuwa inaondoka siku ya pili yake, kwa hiyo tukitoka kanisani wanawake hawakwenda hata kubadilisha nguo. Walichukua visu na makapu wakapanda moja kwa moja kwa Ngapoko. Walimkuta amewatangulia. Alikuwa amekaa katikati ya jaruba, maji kiunoni, gauni lake jeupe linaelea, mikono imeyakumbatia mashina mengi kadiri alivyoweza.

"Mama, jamani, utaugua," walimwambia. "Toka humo. Hii miche ni ya Tekura."

Rute alifika nyuma yao, anahema. Alisimama ukingoni kidogo, na kofia yake ya kanisani kichwani. Kisha akaingia kwenye tope na viatu vyake, akakaa kando ya mama yake, akamwegemea, kichwa begani, kama mtoto wa miaka miwili.

"Laiti ningekusikiliza," alisema. "Mama, laiti ningekusikiliza."

Wanawake walitazamana. Walikuwa watu wema, na meli ilikuwa haingoji. Mmoja alipandisha gauni lake magotini, akaingia majini taratibu, akaanza kukata miche kuwazunguka wale wawili.

"Samahani, mama zangu," alisema. "Sogeeni kidogo. Mmekalia ile mizuri."